Neno Lililofika Chole

Waliponiambia mwanangu amechoka, nilishusha pumzi. Nilikuwa bado nimelala chali, miguu ikinitetemeka, na mkunga alikuwa amenipa mgongo, ameinamia meza ndogo yenye taa. Niliona viwiko vyake vikipanda na kushuka.

"Mtoto amezaliwa amechoka, mama," alisema bila kugeuka. "Tunamsaidia kupumua."

Hata mimi nilikuwa nimechoka. Uchungu ulikuwa umenianza jana yake huko Chole, kwa mama mkwe wangu, masika ndiyo kwanza yameingia, na gari lililotuleta Kisarawe mjini lilinasa kwenye matope zaidi ya mara moja. Kwa akili yangu, aliyechoka hulala, na akiamka huwa mzima. Nikamwambia mkunga, "Basi mwacheni apumzike." Baadaye ndipo nilipotambua kitu ambacho sikukisikia mle chumbani: hakuna mtoto aliyelia.

Ninayaandika haya kwa ajili ya mwanamke atakayeambiwa neno hilo na kulipokea kama nilivyolipokea mimi. Sitamweleza ubongo unavyofanya kazi, maana sijui. Madaktari wapo, awaulize. Nitamweleza niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa mpangilio wake. Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kuchapa yanayosemwa na mashahidi, na hakimu wangu wa kwanza alinifundisha hivi: shahidi akitikisa kichwa, andika ametikisa kichwa, usiandike amekubali.

Jina langu Nakiete. Nimezaliwa Same, milimani Upare, na kazi ndiyo iliyonishusha Kibaha. Mume wangu Shabani ni mtu wa Chole, kule Kisarawe vijijini, naye ni dereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Nyumba yetu iko Sofu, hapo hapo Kibaha. Mama yangu mzazi alikuwa anamuuguza baba, hakuweza kuja kunisimamia uzazi, ndiyo maana nilipokaribia nikaenda kukaa na mama yake Shabani, Bi Mwajabu. Alinitunza vizuri, hilo naliandika mapema. Alinipikia kisamvu cha nazi, alinikataza kuinama, na jioni alinikanda miguu kwa mafuta huku akinisimulia uzazi wake wote, mmoja mmoja.

Pale Kisarawe walimtazama mtoto, wakapiga simu, nafasi ikapatikana Kibaha. Bi Mwajabu alinishika mkono kwenye mlango wa gari la wagonjwa.

"Nenda na mwanao. Mimi narudi kuwapa habari wenzangu. Wamesema ana nini?"

"Wamesema amechoka, mama."

"Ah. Atapumzika." Akanifunga kanga begani vizuri. "Yote heri."

Tulikuwa wawili tuliolipokea neno vibaya, na kila mmoja alimtuliza mwenzake.

Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na milango miwili, na katikati ya milango hiyo kulikuwa na sinki. Kila aliyeingia alinawa mpaka kwenye viwiko. Ndani taa zilikuwa hafifu, na juu ya vitanda vya kioo walilaza vitambaa ili mwanga usiwapige watoto usoni. Muuguzi aliyenipokea aliitwa Sista Odilia, mwanamke mnene wa Songea aliyekuwa akitembea kwa ndala laini kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba nzima. Wenzake pia. Hata sinia la dawa walilitua juu ya taulo.

Nilimkuta mwanangu amelazwa bila nguo, nepi tu, mipira puani, kipande cha plasta mguuni kimeandikwa "Mtoto wa Nakiete". Wenzake wengi walikuwa njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wamevikwa kofia na soksi. Zake yeye sikuziona.

"Sista, mwanangu anasikia baridi," nilisema.

"Wale tunawatafutia joto. Huyu wako tunamlinda asilipate kupita kiasi." Alinivuta pembeni. "Walikwambia nini Kisarawe?"

"Kwamba amechoka."

"Wamekufafanulia?"

Nikatikisa kichwa.

"Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ubongo wake umeumia, ila hatujui kwa kiasi gani. Siku hizi za mwanzo ndizo tunazoulinda usiumie zaidi. Kelele, mwanga, joto, kumshikashika, kumgeuzageuza, vyote tunapunguza. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikauliza swali ambalo nadhani kila mama huuliza: nimguse au nisimguse?

"Usimpapase," alisema. "Usimsugue, usimchezee kidole. Weka mkono mmoja kichwani na mwingine kwenye miguu, halafu tulia. Mkono wako uwe kama umesahaulika pale. Ukitaka kuuondoa, uondoe taratibu."

Jaribu siku moja kuweka mkono juu ya mtoto wako wa kwanza bila kuusogeza. Kidole gumba changu kilikuwa kikienda chenyewe kutafuta nywele zake, nami nikikirudisha. Nilijifunza kumpenda kwa kutofanya kitu, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mapenzi ya namna hiyo yanachosha mabega.

Sisi kina mama tulilala chumba cha jirani. Mchana tulikaa kwenye benchi ndefu kando ya ukuta, tukisubiri saa za maziwa. Nilikaa upande mmoja wa tako kwa sababu ya nyuzi nilizoshonwa. Maziwa yalikuja kwa nguvu wakati mwanangu bado hajaruhusiwa hata tone. Mtoto wa mtu yeyote akilia popote, gauni langu lililowa mbele. Nilinuka maziwa yaliyochacha. Tumbo lilikuwa limebaki kama mfuko uliomwagwa, na mara kadhaa nilijikuta nimelishika kwa chini, nikiwa nimesahau kwamba hamna kitu ndani. Nywele zilianza kutoka baadaye, kwa vishungi, lakini kipindi kile sikuzijali.

Tulikamua kwenye vikombe, nyuma ya pazia. Aliyekuwa akikaa karibu nami alikuwa Mama Naserian, mke wa mfugaji aliyetokea porini huko Pwani, mwenye njiti wa kike mdogo kama embe dodo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua.

"Mimi nakamua ng'ombe tangu mtoto," aliniambia siku ya kwanza, akinitazama ninavyojiminya bila mafanikio. "Leo ng'ombe ni mimi. Na wewe, dada, hujui kukamua. Unabana kama unafunga mfuko."

"Nifanyeje?"

"Rudi nyuma. Halafu njoo mbele. Na usitazame kikombe! Ng'ombe akitazamwa anakataa."

Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Kikombe kilianza kujaa. Hata hivyo, yeye alikuwa na ndugu waliokuja kwa zamu, wakaketi nje kwenye nyasi na kumletea chai ya maziwa kwenye chupa. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika mimi nilikuwa nafanya kama mtu mwenye shughuli: nafua, nakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Shabani alikuwa barabarani, ng'ambo ya Tunduma, simu yake ikipatikana na kupotea. Mama yangu alinipigia kila asubuhi, akaniombea, kisha nikasikia baba akikohoa nyuma yake na sala ikafupishwa.

Mchana mmoja nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kuchukua nguo. Nilishuka kituo cha Kwa Mathias, nikapita katikati ya wauza machungwa na abiria wa Morogoro kama mtu aliyetoka kazini. Sofu nzima ilikuwa inajua nilienda kujifungua. Jirani yangu Mama Beka alikuwa dukani kwake. Akaniona, akainuka, akafungua mdomo. Aliyejifungua huambiwa hongera. Aliyeuguliwa huambiwa pole. Niliona maneno yote mawili yakipigana usoni mwake. Alinitazama mikono, ikiwa mitupu, akatazama tumbo, halafu akasema, "Karibu, Mama... karibu."

"Ahsante," nilijibu.

"Unataka sukari?"

"Hapana."

"Haya."

Nililia bafuni, maji yakiwa wazi. Simlaumu. Tangu siku ile nikimkuta mzazi ambaye mtoto wake yuko wodini, namwambia yote mawili, hongera na pole, kwa mpangilio huo.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe.

Mwanangu alikuwa ameanza kupewa maziwa kwa mpira. Niliingia saa ya maziwa ya asubuhi nikamkuta anasogeza miguu, mmoja mmoja, kama anayeendesha baiskeli. Midomo yake ilikuwa ikifyonza hewa. Nilifurahi. Tangu azaliwe alikuwa amelala tu, na hatimaye naona uhai.

Mama mmoja wa kitanda cha pili akanyoosha shingo. "Anacheza! Hongera, shoga. Malaika wanamchekesha huyo."

Nilimtazama. Miguu: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Midomo: fyonza, fyonza. Ikasimama. Ikaanza tena, vile vile, kwa mwendo ule ule, na macho yake yalikuwa wazi yakitazama pembe moja ya kitanda ambako hakukuwa na kitu. Mtoto anayecheza hurukaruka ovyo. Huyu alikuwa akirudia, kama ukurasa mmoja uliochapwa mara nyingi. Nilikumbuka hakimu wangu. Nilichokiona ni miguu inayosogea. "Anacheza" tulikuwa tumeongeza sisi.

Nikaweka mikono yangu, mmoja kichwani, mmoja kwenye miguu, kwa utulivu niliofundishwa. Miguu ikaendelea kukanyaga ndani ya kiganja changu. Haikujali kwamba nimeishika.

"Sista," niliita. Nakumbuka nilinong'ona, kwa kuwa ndiyo sheria ya mle. "Sista Odilia, njoo umwone."

Alikuja kwa zile ndala, akamshika mguu, akamtazama macho, kisha akamwita daktari kwa ishara ya mkono. Wakamchoma sindano ya dawa. Miguu ikapunguza mwendo, ikasimama. Akalala usingizi mzito kuliko wa awali.

"Umefanya vizuri kuniita," alisema Sista. "Kwa watoto wachanga degedege halifanani na la wakubwa. Wengi wanadhani mtoto anacheza."

Degedege. Kwetu Same ni jina la ugonjwa tu, kama surua au homa ya matumbo. Nilitoka nje, nikakaa benchi, na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kumpa Bi Mwajabu habari, nikampigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Leo amepata degedege, mama. Lakini wamemwahi, wamemchoma sindano."

Nilidhani mtandao umekatika, Chole mtandao huja kwa kudra.

"Umesema degedege?"

"Ndiyo, mama."

"Na wamemchoma sindano?"

"Ndiyo. Sasa hivi amelala."

"Amelala," alirudia, kwa sauti ya mtu anayepokea taarifa ya msiba. Simu ikakatika.

Nilipomsimulia Sista Odilia alifunga macho. "Umemwambia bibi wa Kizaramo degedege na sindano kwa mkupuo mmoja?"

"Kwani vibaya?"

"Mdogo wangu, huku pwani degedege ni ndege. Linapita juu ya mtoto, linamkamata. Lina dawa zake za kufukiza. Na wanasema mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki kesho." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Tunapokea watoto waliokaa nyumbani kwa sababu ya hilo neno. Jiandae. Watakuja."

Kabla hawajaja alipiga Shabani. Nilisikia lori likinguruma.

"Mama kanipigia analia. Anasema wewe umewaruhusu wamchome mtoto."

"Ndiyo dawa yenyewe, Shabani. Alikuwa anapata degedege mbele ya macho yangu."

"Anataka atolewe hapo, kuna mtaalamu wao. Siku chache tu, halafu anarudi."

"Akitolewa hapa mpira unatolewa, hewa inatolewa. Atakula nini njiani? Sema neno. Sema abaki."

"Nakiete, mimi siko hapo. Yule ni mama yangu."

"Na mimi mama wa nani?"

Honi ikapigwa kule alikokuwa. "Nitakupigia," alisema, na hakunipigia. Aliingia sehemu isiyo na mtandao, au alinyamaza kwa hiari. Sijamuuliza hadi leo. Nilikaa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba katika ukoo mzima, pande zote mbili, aliyetaka mtoto abaki pale alipo nilikuwa mimi peke yangu.

Walifika kesho yake mchana, saa ya kuona wagonjwa: Bi Mwajabu na wifi yangu mkubwa, Tatu. Bi Mwajabu alikuwa na kifurushi kidogo kwenye pindo la kanga. Sikuhitaji kuambiwa ni cha kufukiza, harufu ilimtangulia.

"Wifi," Tatu alianza kabla hajakaa, "huko kwenu milimani degedege mnalitibu kwa sindano? Au ni hasira zako tu na ukoo wetu?"

"Tatu," mama yake alimkata.

"Si nauliza! Mtoto wa kwanza wa kaka yetu, anatobolewa kama pira."

Nilikuwa na majibu. Niliyameza. Sista Odilia alitoka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimemfuata mjukuu wangu."

"Umeshamwona tangu aje huku?"

"Sijamwona."

"Basi umwone kwanza, ndipo tuzungumze. Ila anaingia mmoja. Na hicho kifurushi kibaki na binti."

Bi Mwajabu alinawa kwa muda mrefu, akisugua kila kidole. Ilikuwa saa ya kimya: taa zimezimwa, vitambaa vimeshushwa. Aliingia akipiga hatua fupi, akafika kitandani, akaona mjukuu wake na nepi tu.

"Mtoto wa watu mmemwacha uchi," alinong'ona.

"Joto linamdhuru kwa sasa, bibi."

Nilimwonyesha namna ya kuweka mikono. Hakuhitaji kuonyeshwa mara mbili. Mkono wake, uliolima mihogo maisha yote, ulitua kichwani mwa mtoto na haukusogea hata kidogo. Alikaa hivyo. Nilimtazama uso nikitafuta uamuzi, sikuuona. Alikuwa anamhesabu tu kwa macho: pua, masikio, kucha.

"Mlimchoma lini?" aliuliza hatimaye.

"Jana asubuhi, bibi," Sista alijibu. "Sindano ile ilikuwa ya kwanza. Sasa dawa inapita kwenye huu mpira, pamoja na maziwa ya mama yake."

"Jana asubuhi."

"Ndiyo."

"Jua likazama, likachomoza."

"Ndiyo, bibi. Na huyu hapa."

Bi Mwajabu alitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha aliuondoa mkono wake taratibu, kama alivyoelekezwa, akatoka nje, akasimama mbele ya binti yake.

"Hili si degedege."

Tatu akaduwaa. "Sasa mama, si mwenyewe amesema..."

"Kachomwa sindano jana na yuko hai. Degedege lingemwacha?" Akanigeukia, na nikaona macho yake yamelowa ingawa sauti ilikuwa kavu. "Mkwe wangu huyu hajui Kiswahili. Mpare wa watu, atajuaje degedege? Kaokota neno tu, katutia kiwewe ukoo mzima!"

Tatu aliangua kicheko. Mama mmoja benchini naye akacheka. Sista Odilia alinitazama kwa jicho la pembeni.

Ningeweza kubishana. Nimesoma mpaka kidato cha sita, na Kiswahili ndicho kinachonilipa mshahara. Nikainamisha kichwa.

"Ni kweli, mama. Nilikosea neno."

"Sasa mtoto ana nini?"

"Amechoka, mama."

"Si ndivyo walivyosema tangu Kisarawe? Amechoka! Aliyechoka hahamishwi, huachwa apumzike." Akamgeukia Sista. "Mwacheni apumzike hapa hapa."

Walikunywa maji, wakaondoka na kifurushi chao. Chole nzima ilipata habari kwamba mke wa Shabani hajui kusema, na hadithi ile husimuliwa hadi leo harusini, mbele yangu, kwa kuniigiza lafudhi. Jioni ile nilikaa benchi peke yangu, mwanangu akiwa bado ndani na dawa yake, nikahisi upweke mpya, wa mtu aliyeshinda na hana wa kumwambia. Mara ya pili alipopata degedege, nilimpigia Bi Mwajabu nikasema, "Mama, leo amechoka sana." Akajibu, "Pole, mwanangu. Wamempa dawa ya kuchoka?" Wamempa, nikasema. Neno lile lilitubeba wote wawili.

Mengine nitayapitia haraka. Hewa ilitolewa puani. Alinyonya kidole changu, kisha titi, akichoka upesi, mimi nikihesabu mikupuo ya koo lake kwa jicho. Alilia: sauti nyembamba, ya kukwaruza, na Mama Naserian akanipigia makofi bila kutoa sauti, viganja vikikaribiana tu, kwa kuwa ilikuwa saa ya kimya. Yeye alitangulia kuondoka na binti yake kifuani. Mimi niliruhusiwa masika yalipokuwa yakiishia. Shabani alirudi, akamshika mwanawe kwa mikono iliyokakamaa, akaniuliza, "Nisimpapase?" Nikamwambia sasa ruksa, mpapase. Alikaa nasi kidogo, akarudi barabarani.

Bi Mwajabu ndiye aliyempa jina, Idrisa.

Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kazi ya kungoja ingehamia nyumbani. Wodini kulikuwa na mashine na Sista. Sofu kulikuwa na mimi na kichupa cha dawa. Daktari alisema, "Kama ubongo umepona vizuri au la, mtoto mwenyewe ndiye atakayetuonyesha, kidogo kidogo." Kipupwe chote nilikuwa nikimtazama kama shahidi. Ananifuata kwa macho, au anafuata mwanga wa dirisha nyuma yangu? Anatabasamu, au ni gesi? Mkono wake wa kulia ulikaa umekunjwa, gumba ndani, na kila asubuhi niliufungua kwa mazoezi ya kliniki, nao ukajifunga. Watoto wa majirani wa umri wake walishika vitu, wakageuka, wakaketi. "Wako mpole," waliniambia. "Hasumbui kabisa." Walikuwa wananisifia. Nilirudi ndani na kufunga mlango, kwa sababu upole ule ndio nilioogopa kuliko kitu chochote.

Ukiwa kwenye hatua hii, usiache kliniki kwa sababu mtoto hasumbui, wala usikatishe dawa kwa sababu amekaa muda bila kupata degedege; daktari ndiye atakayeipunguza. Uliza maana ya kila neno unaloambiwa, hata ukidhani unalijua. Na ukiweza, tafuta mtu mmoja wa kukaa naye kimya. Mimi sikumpata, na naona ningempata ningechakaa kidogo kuliko nilivyochakaa.

Vuli ilipoingia, embe zikashuka bei, Idrisa alikuwa akikaa kwa kuegemezwa mito. Mkono wa kulia bado ulikuwa mzito, na bado mpaka leo tunauhangaikia. Siku moja mchana nilimpa kokwa ya embe iliyobakiwa na nyama kidogo. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaifikisha mdomoni, akaifyonza, maji ya njano yakimtiririka mpaka tumboni. Nikaogopa isije ikamponyoka kooni. Nikaichukua.

Alitazama mkono wake, mtupu. Akatazama mkono wangu, wenye kokwa. Halafu akainua macho polepole mpaka usoni kwangu, akayakaza hapo, na akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Haukuwa wa njaa wala wa maumivu. Aliwaka uso, akapiga miguu, akanifokea mimi, mimi hasa, niliyemdhulumu.

Nikampigia Shabani. Siku ile mtandao ulikuwepo.

"Kuna nini? Nani analia hivyo?"

"Mwanao. Nimemnyang'anya embe."

"Sasa mrudishie, Nakiete! Mbona unamtesa?"

"Nitamrudishia," nilisema, nikaisogeza simu karibu na mdomo wake. "Ngoja kwanza. Msikilize."